Nilivyowapangia wageni wangu chakula Malindi

Mgeni akishuka Malindi huuliza hoteli gani ina chakula kizuri. Mimi humuuliza kwanza anataka kula nini, na saa ngapi. Ukanda wetu wa bahari, kuanzia soko la samaki na jeti hadi ndani ya mji wa kale, una majiko ya watu wa asili nyingi, na kila jiko lina wakati wake. Ukishaujua wakati, mahali pa kula panajichagua penyewe.

Mwezi wa Agosti walinijia wakwe wa dada yangu kutoka Eldoret. Mama mkwe wake akila kamba huvimba midomo. Shemeji alitaka nyama ya moto wa makaa. Watoto walikuwa wameahidiwa piza tangu nyumbani. Dada mwenyewe, kwa kukaa bara muda mrefu, hakuwa na hamu ila ya samaki wa kupaka. Hoteli zenye kupika vyote hivyo zipo, ila mimi siziamini. Jiko lenye wali wa nazi, piza na vyakula vya Kichina kwenye menyu moja hulazimika kuweka vitu vingi kwenye friza, na samaki wa friza hawezi kukupa utamu wa samaki wa leo. Basi nikaacha kutafuta mahali pa wote, nikagawa siku kwa saa.

Asubuhi haikunisumbua: mahamri na mbaazi za nazi kwa akina mama wa mji wa kale, mitaa ya nyuma ya Msikiti wa Juma na yale makaburi ya nguzo. Muhimu ni kuwahi. Ikifika saa tatu mara nyingi unakuta mbaazi zimebaki mchuzi.

Samaki ndiye aliyetaka akili. Nilikwenda sokoni mwenyewe kabla ya kuagiza popote, nikamuuliza mzee mmoja muuzaji, "Leo kumeshuka nini, baba?"

"Tafi na changu, mwanangu. Huyo nguru ni wa barafu, sitakudanganya."

Nilitarajia hivyo. Agosti ni msimu wa upepo wa kusi, bahari ya nje inachafuka, na wavuvi wa mashua ndogo huvua upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe. Huko ndiko waliko tafi na changu. Nguru, jodari na kolekole wanataka mtu atoke nje, kwa hiyo msimu wao mzuri ni wa upepo wa kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi Machi. Mtu anayeng'ang'ania nguru wakati wa kusi hulipa sana kwa samaki aliyelala. Nikampigia simu mama anayepika karibu na jeti, nikamwomba changu wa kupaka wa mchana. Nilimwambia mapema kwa sababu kupaka hakuharakishwi: samaki achomwe kwanza, tui zito lichemke na kitunguu saumu, bizari, pilipili na ukwaju, halafu apakwe na kurudishwa juu ya makaa, apakwe tena. Ukifika na njaa bila kuagiza, utapewa samaki wa kukaanga aliyemwagiwa mchuzi.

Kwa ajili ya mama mkwe nilimuuliza mpishi huyo jambo jingine: "Mafuta ya karai lako yamekaangiwa kamba?" Ghuba ya Ungwana, hapo kaskazini yetu, ndiyo yenye kamba wengi kuliko pengine popote pwani ya Kenya, maana Tana na Sabaki humwaga matope na chakula chao humo. Kwa hiyo jiko lisilopika kamba Malindi ni nadra, na bhajia isiyo na kamba ndani inaweza kuwa imepita kwenye mafuta yale yale. Yule mama alimwekea karai lake mbali. Wenye mzio, ulizeni hivyo hivyo bila haya.

Piza tuliila jioni, na hapa Malindi si chakula cha kuigiza. Waitaliano waliletwa na San Marco, jukwaa lao la kurushia roketi baharini mbele ya Ngomeni, ambalo lilirusha setilaiti yake ya kwanza 1967. Waitaliano waliofuata baadaye walikuja kupumzika, wengine wakahamia kabisa, na vijana wetu wamejifunza kupika kwao hadi wamekuwa mafundi. Nilichagua mahali penye tanuri la kuni linalowaka. Agosti Waitaliano wako likizoni na meza hujaa, lakini wao hula usiku. Tulipoingia saa kumi na mbili tulipata nafasi tupu na watoto wakaonyeshwa tanuri. Kwa kuwa sisi hatuli nguruwe, nililiuliza hilo pia, tukala ya jibini na nyanya. Kati ya Aprili na Juni, wakati wa mvua, usiende bila kupiga simu, kwani hoteli nyingi za piza hufungwa.

Shemeji alipata mishkaki yake baada ya magharibi, kando ya barabara, pamoja na viazi karai na maji ya ukwaju. Kesho yake mchana nikampeleka kula sima na mtsunga, mboga ya majani machungu, kwa Wagiriama karibu na steji, chakula ambacho wageni hupita bila kukiona. Alirudia sahani.

Ukitaka biriani, subiri Ijumaa baada ya swala. Na ukija Ramadhani, mchana hoteli nyingi za Waswahili zimefungwa, lakini kuanzia alasiri barabara hujaa sambusa, kaimati na mkate wa sinia. Nunua kabla ya adhana, kwa sababu baada yake wauzaji wenyewe wanafuturu.