Jumamosi yangu Molo: maziwa, pareto na wageni kutoka Nairobi

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri natia kuni jikoni na kubandika maji ya kuoshea viwele. Hapa Molo tuko juu, karibu mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na Agosti hii ukungu hautoki mapema. Nagonga mlango wa nyumba ya wageni mara mbili. Ni familia ya Nairobi: baba, mama, watoto wawili na babu yao. Walifika jana usiku wakiwa hoi kwa foleni ya malori huko Gilgil.

Mama wa watoto alikuwa amenipigia mapema wiki hii kuniuliza kama kukamua kunaweza kungoja hadi saa tatu ili watoto walale. Nilimwambia, "Mama, pole, hapo siwezi." Ng'ombe aliyezoea saa kumi na moja huumia kiwele kikijaa, na gari la maziwa hupita saa moja. Najua kuna mashamba yanayomweka ng'ombe mmoja karibu na maegesho, anakamuliwa kila mgeni akitaka picha. Sitaki hivyo. Mtu akitoa pesa yake kulala shambani, nimwonyeshe shamba lenyewe. Na ng'ombe aachiwe saa zake.

Saa kumi na moja na robo. Mlangoni mwa zizi nimeweka beseni la maji yenye dawa. Kila mtu anakanyaga humo na gambuti zake kabla ya kuingia, kwa sababu ugonjwa wa miguu na midomo husafiri kwa kiatu kilichopita zizi lingine. Msichana wa miaka tisa anamkaribia ng'ombe wangu Neema polepole. Naosha kiwele, nakikausha, nakamua michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi nione kama kuna mabonge, dalili ya ugonjwa wa kiwele. Hakuna. Namshika mkono. "Usivute. Bana juu kwa kidole gumba na cha shahada, halafu funga vidole kimoja kimoja mpaka chini." Mara ya kwanza, kavu. Ya pili, kavu. Ya tatu uzi mwembamba unapiga ndoo na mtoto anaruka.

"Shosho, ni ya moto!"

Kaka yake anataka kuyanywa papo hapo. Nakataa, na kila mgeni namkatalia. Maziwa mabichi yanaweza kubeba bruselosi, homa inayoweza kumkalia mtu miezi na miezi. Tunayachemsha kwanza, ndipo anapata kikombe chake. Neema ametoa lita 11. Kijana wangu anapakia mitungi kwenye bodaboda na kushuka barabarani.

Chai, viazi vya kuchemsha, mayai. Tunaosha vyombo na kutoka.

Saa nne ukungu umepanda na maua ya pareto yamekauka umande. Sasa tunaweza kuchuma. Nina robo ekari tu. Ua lake ni jeupe, kati njano, na dawa ya kuua wadudu imo kwenye kichwa hicho. Linachumwa likifunguka vizuri, bila kikonyo. Ukichuma changa, dawa ni kidogo. Ukilundika mabichi kwenye gunia hadi kesho, yanapata joto na kuharibika, kwa hiyo yanaanikwa siku hiyohiyo. Kilo nne au tano mbichi ndizo zinazokupa kilo moja kavu. Watoto walipoambiwa hivyo wakatazama vikapu vyao wakanyamaza.

Babu yao hakuwa amesema neno tangu afike. Akachukua kikapu, akakifunga kiunoni kwa kamba, akaingia kwenye mstari. Alichuma kwa mikono miwili: shingo ya ua katikati ya vidole, gumba linakata, kiganja kikijaa anamwaga bila kutazama. Nusu saa, amenipita mimi mwenye shamba. Mwanawe akasimama na simu mkononi, akasahau kupiga picha.

"Mama yangu alitusomesha na haya," mzee akasema. "Kinangop. Wote saba."

Nilimjibu kwamba hata mimi nilisoma kwa pareto. Baba yangu aliing'oa mwaka ambao malipo ya maua aliyokwisha kupeleka hayakuja, na ya mwaka uliofuata pia hayakuja. Nilimwona akiing'oa kwa jembe, shina kwa shina, akapanda viazi. Mimi nimeirudisha sasa kwa kuwa kuna wanunuzi tena, na kwa kuwa pesa ya vyumba hivi viwili inanishikilia wakati malipo ya maua hayajaingia. Ndiyo iliyonunua tangi la maji. Wageni ndio wanaoniwezesha kuendelea kuwa mkulima, na ninawapenda kwa hilo.

Saa saba, nyama ya kondoo na mukimo. Wazazi walilala kidogo.

Saa tisa wingu likashuka kutoka upande wa Mau. Nikapiga kelele, wote wakaja mbio, tukafunika maua kwa turubai kabla ya tone la kwanza. Katika haraka hiyo lango la ndama likabaki wazi. Kosa ni langu, sikuwa nimewaonyesha watoto komeo lake linavyofungwa. Ndama alimfikia mama yake akanyonya akashiba. Jioni Neema alitoa lita tano badala ya nane, na nikaandika tano kwenye daftari.

Saa mbili usiku, kando ya moto, mzee aliniuliza kama ninaweza kumpa miche.

"Nairobi, baba? Usiku wake hauna baridi ya kutosha. Itaota majani tu, maua yatakuwa ya kutafuta."

"Najua, mama. Bado nina kipande cha shamba Kinangop, kule kwenye baridi. Kimekaa bure."

Nikachukua tochi na jembe. Shina lililokomaa hugawanywa, kila kipande na mizizi yake. Nimepata vipande sita, nimevifunga kwa gunia lililoloweshwa na kuviweka kizingitini pa chumba chake, kando ya gambuti.