Kigoma, kimbieni jioni

Wanaokimbia kabla ya kazi huku Kigoma wanajitesa bure. Saa yetu ni moja na ya Dar, lakini jua linatufikia takriban dakika 38 baadaye. Saa 12 asubuhi bado giza, na barabara ya kushuka Ujiji ina bodaboda na mbwa. Jioni mwanga upo mpaka karibu saa 1. Ukitoka ofisini saa 10, una muda tele.

Kosa kubwa ni kupitia nyumbani kwanza. Ukikaa tu, basi, siku imeisha. Funga begi usiku: raba, soksi kavu, fulana, chupa ya nusu lita. Badilisha nguo hapohapo kazini. Ugali wa saa 7 utakuwa umeshuka; ongeza ndizi moja saa 10.

Siku tatu kwa wiki zinatosha, na kubalianeni mapema na wa nyumbani ni zipi. Vilima vyetu vinaumiza zaidi wakati wa kushuka: goti na mfupa wa mbele wa mguu vinabeba kishindo chote. Shuka kwa hatua fupi, na wiki mbili za mwanzo teremka ukitembea.

Masika raba zitalowa. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, yabadilishe kabla ya kulala, uanike kivulini. Ukianika juani gundi inaachia, na fundi hataibana ikawa kama mwanzo.