Nilivyomtambua kulastara wa Madagaska kwenye majaruba yetu

Utotoni kazi yangu ilikuwa kuamia ndege kwenye mpunga wa shangazi, huku Ifakara. Ndege kwangu alikuwa mwizi, basi. Sikujua kwamba kati ya wale wanaoinama kimya kando ya mfereji, ambao hata punje hawagusi, wamo waliovuka bahari kuja kwetu.

Mmoja wao, kulastara wa Madagaska, huzaliana Madagaska na kwenye visiwa vya Mayotte na Aldabra. Ikikaribia Mei huvuka mlango bahari wa Msumbiji, kama kilomita 400 za maji hata pale unapobana, akakaa huku bara hadi Oktoba. Wamebaki wachache, nao wanahesabiwa kuwa hatarini kutoweka: madimbwi ya kwao yanageuzwa mashamba, na mayai na makinda huchukuliwa viotani.

Kwao, wakati wa kutaga, huwa mweupe pee, mdomo wa buluu. Akiwa kwetu ni wa kahawia mwenye michirizi kifuani, na hapo ndipo anapofanana mno na kulastara wetu wa kawaida. Mwaka 2022 niliazima darubini, nikamwona ndege wa kahawia akiruka, mabawa yakafunuka meupe kama pamba. Nikajua nimempata. Nikamtumia picha mtaalamu mmoja wa ndege, akanijibu kwa upole kwamba ni yule wa kawaida. Mabawa meupe wanayo wote wawili. Iliniuma sana.

Msimu uliofuata niliacha kuwafukuzia. Nilikaa juu ya tuta kabla jua halijachomoza, daftari pajani, nikawa nachora kila kulastara akiwa ametulia. Mgongo na mdomo ndivyo nilivyoviangalia, mabawa nikayaacha. Wa kwetu mgongo wake ni rangi ya chai yenye maziwa mengi, michirizi yake myembamba. Nilichora wa namna hiyo kwa wiki tatu, hadi nikawa nawaona usingizini.

Asubuhi moja ya Juni wawili walisimama kwenye jaruba moja, hatua kumi hivi kati yao. Wa pili alikuwa na mgongo wa kahawa chungu. Michirizi yake ilikuwa minene, kama iliyochorwa kwa mkaa, na mdomo umejaa kuliko wa mwenzake. Mkono ulinitetemeka, penseli ikavunjika ncha. Safari hii mtaalamu alijibu kwa neno moja: “Ndiye.”

Shangazi alikuja na wavunaji, mundu mkononi.

“Shikamoo shangazi. Njoo umwone mgeni.”

“Marahaba mwanangu. Si kulastara tu huyo?”

Nikamweleza ametoka wapi. Akashika darubini, akamtazama muda mrefu.

“Maji yote hayo, na kibawa kile?”

Kisha akawageukia wavunaji, akawaambia waanze kukata upande wa pili.