Tai wa Five Islands

Januari 2022 shemeji alinipeleka Georgetown, jimbo la Maine, Marekani, kumtazama ndege. Yeye ndege anamjua akiwa kwenye sahani tu, lakini gari lilikuwa lake na mimi leseni sikuwa nayo, ikabidi avumilie.

Gati la Five Islands, hukohuko Georgetown, tulilikuta limejaa watu waliojifunika mpaka pua, darubini zao zimesimama kwenye miguu mitatu. Namba za magari zilikuwa za majimbo ya mbali. Wote hao walimfuata tai mmoja tu, tai-bahari wa Steller. Kwao tai hawa ni Kamchatka na pwani nyingine za mashariki ya mbali ya Urusi. Baadhi yao huteremka Japani wakati wa baridi. Duniani wamebaki maelfu machache. Huyu alionekana Alaska mwaka 2020, akasikika Texas Machi 2021, akapita Kanada, Desemba akaibukia Massachusetts, na kabla mwaka haujaisha akawa Maine, ukingoni mwa Atlantiki. Madoa meupe ya bawani ndiyo yaliyowasaidia wafuatiliaji kumtambua.

Tukasubiri mpaka vidole vikafa ganzi. Mara mtu akapiga kelele, na mzee mmoja, Mungu ambariki, akanipisha kwenye darubini yake. Mabega meupe pe, mkia mweupe, mwili wa kahawia iliyokolea. Lakini mdomo! Mnene, wa rangi ya chungwa, umechukua karibu nusu ya uso, utadhani ameuazima kwa ndege mwingine mkubwa zaidi. Tai hawa hufika hata kilo 9. Tai wa Marekani mwenye kichwa cheupe alipita karibu naye, nikamwona mdogo.

Mama aliyekuwa pembeni yangu akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Kenya. Akamtazama tai, akanitazama mimi, akaweka mkono kifuani.

“Basi mko sawa. Wote mmepotea mbali na kwenu.”

Nikatabasamu, maana alisema kwa wema. Lakini mimi nilikuja na tiketi na barua ya chuo mkononi! Na tai mwenyewe sikuona cha kumhurumia. Ni kweli ndege husukumwa na dhoruba au wakakosea mwelekeo, na wengi wa namna hiyo hufa. Huyu alikuwa na samaki na bata wa kumtosha, na msimu wa pili huo alikuwa bado ana nguvu zake.

“Kwa hiyo tumeendesha gari kote huku kuja kuangalia mgongo wa ndege?” shemeji aliniuliza njiani. Sikumjibu.

Baadaye mwaka huohuo tai akaonekana kisiwani Newfoundland, Kanada. Habari hizo aliyeniletea ni shemeji huyohuyo. Alinitumia picha, na chini yake swali: feri ya kuvukia huko inabeba magari?