Sahani ya Ndengu

Mwezi wa Agosti mwaka 2008 zamu yangu ya chama iliwadia, nikakabidhiwa shilingi 60,000 ndani ya bahasha ya kaki. Fedha hizo zilikuwa na kazi maalumu, kwani mimi na Mama tulikuwa tumekubaliana kwamba Jumamosi tungekwenda Ruiru kulipa amana ya ploti ya futi 50 kwa 100, naye alikuwa ametenga akiba yake ya kuuza mitumba Gikomba ili tutimize kiasi alichotaka mwenye shamba.

Ijumaa jioni nilipitia Soko la Kenyatta pamoja na wenzangu wanne wa karakana, kwa nia ya kula kidogo tu na kwenda nyumbani. Mchomaji aliweka mbavu za mbuzi juu ya ubao, akazikatakata, akamwaga chumvi pembeni karibu na kachumbari, mafuta yakichuruzika hadi ukingoni. Nami nikachomoa noti ya kwanza katika ile bahasha na kutangaza kwamba leo nalipa mimi. Yaliyofuata hayana haja ya kusimuliwa. Wiki tatu baadaye Mama, niliyekuwa nikimkwepa kwa kisingizio cha kazi ya ziada, alinikuta na redio kubwa ya spika mbili na shilingi 4,000. Ploti ilikuwa imechukuliwa, na barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, bei za Ruiru zilikuwa zimeshanipita mbali.

Hakunigombeza, jambo lililonitia hofu kuliko makaripio. Jumapili, baada ya ibada, aliniita kwake Kariobangi, akanipakulia ndengu na chapati mbili, kisha akafungua Biblia yake yenye jalada la gazeti kuukuu na kunitaka nisome kwa sauti Mwanzo sura ya 25, kuanzia mstari wa 29. Nilisoma jinsi Esau alivyorudi kutoka nyikani akiwa hoi, akamwomba Yakobo kile chakula chekundu cha dengu, na kumwuzia haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa kiapo. (Ndengu zetu ni za kijani, ila sikuwa na ujasiri wa kulitaja hilo.) Nilipofika mwisho aliniambia nirudie polepole. Esau alikula, akanywa, akainuka, akaenda zake: vitendo vinne vinavyofuatana mbio, bila nafasi ya kufikiri hata kidogo. Majuto hayamo katika sura hiyo. Yanakuja katika sura ya 27, anapolia kwa sauti kuu mbele ya Isaka asiyeona, baraka zikiwa zimekwisha kutolewa.

Nilifunga kitabu nikingoja mahubiri.

“Huyu alikuwa na njaa,” Mama akasema. “Wewe ulikuwa umekula mchana.”

Kisha akanisogezea sahani. Chapati zilikuwa zimepoa.