Gloria Grahame na Kijana wa Liverpool

Wiki hii yote nimekuwa nikimfikiria Gloria Grahame, mwigizaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1981, pamoja na Peter Turner, kijana wa Kiingereza aliyempenda katika miaka yake ya mwisho. Nilianza kwa kutazama filamu iliyotengenezwa mwaka 2017 kuhusu habari yao, kutokana na kumbukumbu alizoandika Turner mwenyewe, ambamo Annette Bening anamwigiza Grahame na Jamie Bell anamwigiza Turner. Baadaye nikazitafuta filamu za Grahame mwenyewe, zile za zamani zisizo na rangi, kwa kuwa nilitaka kumwona mwanamke ambaye Turner hakuwahi kukutana naye.

Walikutana London mwishoni mwa miaka ya 1970, katika nyumba ya vyumba vya kupanga huko Primrose Hill. Grahame alikuwa amevuka miaka 50 na alikuja Uingereza kucheza jukwaani, kwa sababu Hollywood ilikuwa imeacha kumwita siku nyingi. Kijana hakuwa ametimiza hata miaka 30. Alikuwa mwigizaji anayetafuta riziki, mtoto wa familia kubwa ya watu wa kawaida wa Liverpool. Filamu zilizompa mama yule jina zilitoka Turner akiwa mtoto mdogo au hajazaliwa kabisa, hivyo alipomwona kwa mara ya kwanza hakumwona nyota. Alimwona mpangaji mwenzake.

Nilikuwa nikitazama na binti wa marehemu dada yangu, ambaye hana subira na mapenzi ya kwenye filamu. Hata nusu saa haijapita akanigeukia: "Mama mdogo, huyu si marioo tu?" Nikamwambia atulie atazame kwanza. Hoja yake, hata hivyo, si ya kupuuzwa, kwa maana ndiyo inayomjia kila mtu kwanza. Kijana akionekana na mwanamke aliyemzidi umri tunauliza anapata nini, lakini mzee akionekana na binti hatuulizi, kwa kuwa tunadhani jibu tunalijua. Humphrey Bogart, nyota wa Hollywood, alimwoa mwigizaji Lauren Bacall mwaka 1945, bwana akiwa na miaka 45 na bibi 20, na hadi leo ndoa ile inasimuliwa kama hadithi tamu. Miaka mitano baadaye Bogart huyohuyo alicheza filamu na Gloria Grahame. Pengo la umri kati ya Grahame na Turner halikuzidi sana lile la Bogart na mkewe, ila hili letu lilihitaji kuelezwa. Sisi Waislamu wa pwani, tuliosomeshwa tangu chuoni habari za Bi Khadija, mke wa Mtume aliyemzidi umri, tungepaswa kuwa watu wa mwisho kushangaa, na bado huwa wa kwanza.

Halafu marioo hulelewa, na Grahame hakuwa na mali ya kumlea mtu. Alikuwa amepanga chumba, kama Turner.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba Turner hakuwa kijana wa kwanza maishani mwake. Grahame aliolewa mara nne, na mume wa nne, Anthony Ray, alikuwa mdogo wake kwa takriban miaka 14. Zaidi ya hayo alikuwa mtoto wa mume wake wa pili, mwongozaji filamu Nicholas Ray, yaani Grahame aliwahi kuwa mama yake wa kambo. Walifunga ndoa mwaka 1960, kukawa na fadhaa kubwa, kesi za kugombea watoto na kazi kupungua. Penye wengi pana mengi, na mengi yaliyosemwa kuhusu jinsi uhusiano ule ulivyoanza sitayarudia hapa. Nakiri kwamba mimi pia nasita ninapofika kwenye ndoa ile, si kwa sababu ya umri bali kwa sababu ya baba na mwana. Ila ukweli mmoja unabaki: kati ya ndoa zake nne, hiyo ndiyo iliyodumu kuliko zote, hadi mwaka 1974, na ikamwachia watoto wawili.

Nilipofika kwenye filamu zake za zamani ndipo nilipoanza kuelewa kitu kuhusu uso wake. Mwaka 1953 alipokea Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa filamu ambayo haonekani hata dakika kumi. Mwaka huohuo alicheza The Big Heat, akiwa mpenzi wa jambazi anayeigizwa na Lee Marvin. Katika tukio moja jambazi yule anashikwa na hasira, analichukua birika la kahawa inayochemka na kummwagia usoni. Kamera haituonyeshi kahawa ikimpata. Tunasikia yowe tu. Tangu hapo anaigiza akiwa na bandeji iliyofunika nusu ya uso, na inambidi aseme kila kitu kwa ile nusu iliyobaki. Nililirudia tukio analoingia na bandeji ile kwa mara ya kwanza. Anavyokigeuza kichwa ili upande mzima ndio uelekee kwa anayezungumza naye ni jambo la mtu anayeujua uso wake kama fundi anavyoijua cherehani yake.

Kumbe nje ya filamu uso huohuo haukumpa raha. Mdomo wake wa juu ulimkera tangu ujanani. Alikuwa akiujaza kwa ndani ili uonekane mnene, kisha akafanyiwa upasuaji mara kadhaa mpaka ukapoteza hisia. Mwanamke ambaye dunia nzima ilikuwa ikimtazama mdomo alikuwa anaona kasoro pale pale wenzake walipoona uzuri. Sasa mpe mtu kama huyo miaka 55, mpe na mpenzi aliyezaliwa wakati yeye anapiga picha za matangazo ya studio, halafu mwambie asihofu kioo.

Filamu ya 2017 ina tukio ambalo limenikaa kuliko yote. Grahame anamwambia kijana kwamba angependa kumwigiza Juliet, yule msichana mdogo wa mapenzi katika tamthilia ya Shakespeare. Turner, bila ubaya wowote, anauliza kama ana maana ya yaya wa Juliet. Mama anageuka mbogo papo hapo, anamfukuza atoke. Binti wa dada yangu alicheka hadi machozi yakamtoka. Mimi sikucheka sana, kwa kuwa niliona kosa si la kijana peke yake. Alitamka kile ambacho kila mwongozaji wa michezo alikuwa akikifikiri na kukinyamazia. Tofauti ni kwamba yeye ndiye mtu pekee ambaye Grahame alitaraji asikifikiri.

Nadhani hapo ndipo penye kiini cha mambo yao, na ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba umri ndio uliowatenganisha. Katikati ya miaka ya 1970 Grahame alikuwa ameugua saratani ya titi na kupata nafuu. Mwaka 1980, akiishi na Turner New York, ugonjwa ulirudi. Hakumwambia. Kwa masimulizi ya Turner, aliona tu mwenzake anakuwa mkali, anatoweka bila maelezo, anamsukuma mbali, naye akaelewa kama kijana yeyote angeelewa, kwamba pana mwanamume mwingine au amechokwa. Wakaachana akiwa hajui. Umri peke yake haukufanya hivyo. Mwanamke mwenye miaka 30 aliyezoea kupendwa kwa sura angeweza kuficha vilevile. Kwa Grahame, kumwambia kijana "nina saratani" kulikuwa sawa na kukubali kwamba yeye ni yaya kweli, mtu wa kuhurumiwa pembeni mwa jukwaa, wakati alikuwa bado anataka kuwa Juliet wa mtu mmoja.

Sitaki kumtetea kupita kiasi. Kumnyima mtu anayekupenda nafasi ya kuchagua kama atakaa au ataondoka ni kumdhulumu, hata kama nia ni kumwepusha na maumivu. Lakini naijua hamu hiyo. Wanawake wa umri wangu tumezoea kuuguza. Kuuguzwa hatujui, na tungependa yeyote atuuguze isipokuwa yule tuliyempambia.

Na bado Grahame alipoanguka alimwita Turner. Septemba 1981 alikuwa Lancaster, kaskazini mwa Uingereza, akijiandaa kucheza jukwaani, akazidiwa. Alikataa hospitali na akataka apelekwe nyumbani kwa wazazi wa Turner, Liverpool. Walikuwa wameshaachana. Kijana alikwenda kumchukua, na ile familia ikampa chumba cha juu na kumhudumia kwa siku kadhaa, mama mtu mbele. Katika filamu, wazazi wale wana tiketi mkononi za safari ya Manila kumwona mtoto wao mwingine, na mama anasita kuondoka kwa sababu kuna mgonjwa ndani. Julie Walters anamwigiza mama huyo kwa namna ambayo ungeweza kumhamishia Tanga usibadilishe kitu: hamwulizi mgeni ana uhusiano gani na mwanawe, anauliza kama amekula.

Hatimaye watoto wa Grahame wakaarifiwa, wawili wakaja kumchukua na kumrudisha New York kwa ndege. Alifariki tarehe 5 Oktoba 1981 katika hospitali ya St. Vincent's, saa chache baada ya kufikishwa, akiwa na miaka 57. Turner alibaki Liverpool. Hakuwa mume, hakuwa ndugu, hakuwa na karatasi yoyote ya kumpa kauli mbele ya daktari au mbele ya watoto, ambao baadhi yao umri wao haukupishana sana na wake. Watoto siwalaumu, mama yao alikuwa anakufa ugenini kwa watu wasiowajua.

Turner alitoa kumbukumbu zake mwaka 1986, na binti wa dada yangu hakuliacha hilo lipite. "Si umeona? Kitabu amekipata." Nikamjibu kwamba anayetafuta faida haanzi kwa kumpandisha mgonjwa ngazi za nyumba ya mama yake. Hakushawishika sana. Alipokuwa anavaa viatu akaniuliza, kwa ule utundu wake, kama mimi mwenyewe akinijia kijana wa namna hiyo leo ningekubali. Nikamwambia aje kwanza, na aje na mama yake.