Siku moja maishani mwangu: siku ofisi yetu ilipokosa mkuu

Saa 10:40 alfajiri. Huku kwetu Umoja maji hutoka siku mbili kwa wiki, na Jumatano ni mojawapo, kwa hiyo kabla sijanawa uso najaza mitungi. Chai, mkate, nguo ya kitenge niliyoipiga pasi jana kwa kuwa leo kutapigwa picha. Kufikia saa 11:30 niko steji.

Mimi ni sekretari wa mkuu wa skuli ya ukutubi, yaani kazi ya maktaba, katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Sisi wenyewe humwita mkuu "dini", jinsi masikio yetu yalivyolipokea neno la Kizungu "dean". Marehemu mama yangu, nilipompigia simu kumwambia nimehamishiwa ofisi ya dini, alimshukuru Mungu kwa machozi na kuwaambia majirani nimeajiriwa na kanisa. Sikumsahihisha. Tangu hapo nimehudumu chini ya wanne (wingi wake siutaji, maana utakuwa madini) na leo nampokea wa tano.

Nikisema kazi yangu kwa watu, huona mambo mawili. Sekretari ni mtu wa kupaka kucha rangi na kusema "mkubwa hayuko". Ukutubi nao ni kufuta vumbi na kuwaambia watoto wanyamaze. Mimi nimejitwisha yote mawili.

Saa 12:20 asubuhi. Nashuka mjini kubadilisha matatu. Kuna njia fupi, lakini mimi hupitia Mtaa wa Banda, nikawaona simba wawili wa mawe walio mbele ya maktaba ya McMillan, kando ya Msikiti wa Jamia. Asubuhi ile hakuna mtu ila wafagiaji. Jengo lilifunguliwa 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma humo hadi 1958. Sijazijua tarehe hizi kwa kusomea ukutubi. Mimi nilisomea uhazili. Nazijua kwa sababu Profesa, huyu anayetoka leo, kila mwaka huwaleta wanafunzi wapya hapa, huwasimamisha kwenye ngazi na kuwauliza: "Bibi yako angepita hapa 1950, angefika ngazi ya ngapi?" Na barua ya kuomba basi naiandika mimi.

Saa 1:30. Nafungua ofisi, nafungua madirisha, nawasha kompyuta. Saa 1:45 simu inalia.

"Madam, pole sana. Alikuwa mgonjwa?"

Hapa nakiri kosa. Jana jioni nilibandika tangazo ubaoni. Kwa herufi kubwa: TUNAMUAGA PROFESA WETU. Chini yake picha ya Profesa, nyeusi na nyeupe, kwa kuwa wino wa rangi uliisha Mei na ofisi ya ununuzi bado "inashughulikia". Chini ya picha: "Ameitumikia skuli yetu kwa miaka sita. Tutamkumbuka daima." Mimi niliona ni lugha ya heshima. Kumbe kuna mwanafunzi alilipiga picha akalirusha kwenye kundi la WhatsApp la waliohitimu, likasafiri usiku kucha.

Kufikia saa 3 nilikuwa nimepokea pole saba. Mmoja alipiga kutoka Garissa, kule ambako ngamia wa shirika la maktaba la taifa wamekuwa wakibeba vitabu kwenda kwa wafugaji tangu 1996. Alitaka namba ya M-Pesa atume rambirambi. Nikamwambia, ndugu yangu, Profesa ni mzima, yuko hapa anakunywa chai. Ukuu wake ndio umekwisha, anarudi darasani kufundisha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Wamemtoa?" Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa watu wetu hakuna njia ya tatu. Mkubwa akiondoka kitini, amekufa au amefukuzwa.

Saa 4. Makabidhiano yalipangwa saa hii. Daktari, mkuu mpya na mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile, ameitwa ghafla kwenye mkutano kwa Naibu Makamu wa Chansela. Ujumbe wake unasema "nakuja sasa hivi".

Profesa naye muhula wake uliisha jana saa sita usiku, na ni mtu wa kufuata tarehe. Nilimkuta ofisini kwake ameketi kwenye kiti cha wageni, mikoba yake miguuni, kama anayesubiri daktari wa meno. Kalamu hashiki. Daktari hajapokea ofisi, kwa hiyo naye hawezi kutia sahihi. Meza ipo, kiti kipo, muhuri uko kwenye droo yangu. Mkono ndio haupo.

Na siku kama hiyo ndiyo mwanafunzi wa mwaka wa tatu huchagua kuja na barua ya atachimenti, mazoezi ya kazini.

"Madam, ni sahihi tu."

"Ya nani?"

"Ya dini."

"Leo hakuna dini."

Akacheka, akidhani nafanya utani. Amepata nafasi ya miezi mitatu kwenye maktaba moja mjini, na barua ya skuli inapokelewa mwisho leo saa 11 jioni. Nikamuuliza fomu alipewa lini. Mwezi uliopita. Imekuwa wapi mwezi mzima? "Madam, hiyo ni stori ndefu." Nikamweleza hali ilivyo, polepole, mara ya kwanza. Akaenda, akarudi baada ya dakika kumi kuuliza kama Profesa hawezi kutia sahihi halafu aandike tarehe ya jana. Nikamweleza mara ya pili. Akaniangalia, akaiangalia droo, akateremsha sauti: "Madam, si ugonge tu muhuri? Nani ataangalia sahihi?"

Ndugu wasomaji, nimeketi na muhuri ule kwa miaka mingi. Nimeombwa niugonge na wanafunzi, wazazi, mhadhiri mmoja, na hata mtu aliyetaka mkopo wa pikipiki. Sijawahi kuugonga bila sahihi juu yake. Hakuna anayenipigia makofi kwa hilo na mshahara haujui. Nikamwonyesha benchi la nje, nikamwambia akae hapo.

Akakaa. Baada ya muda akaingia na simu mkononi: "Madam, mama anataka kukusalimia." Nikaipokea, ningefanyaje? "Dada yangu," sauti ya mama ikasema kutoka Kitui, "mimi na wewe tumezaa. Huyo mtoto nimemsomesha kwa mbuzi." Tuliongea dakika nane. Akaniuliza pia, maadamu tunaongea, hii kozi ya vitabu mtoto atapata kazi gani. Nilimjibu vizuri, nadhani.

Wakati huo huo mimi na Profesa tulikuwa tunapitia orodha ya mali, kwa kuwa bila hesabu hakuna makabidhiano. Viti 14. Kompyuta 22, zinazowaka 9, na katika hizo ile yenye Koha ya mazoezi, programu ya kuendeshea maktaba, ambayo tarishi wetu huiita "Kohoa" kwa jinsi inavyonguruma ikiwashwa. Kabati la kadi za katalogi, droo 60, ambalo kila mkuu mpya hutaka kulitupa na Profesa alilikingia kifua. Mwisho, seti ya Dewey, yaani namba ambazo maktaba hupangia vitabu kwa mada, toleo la 23, juzuu 4.

Zilikuwepo tatu.

Kwa asiyejua: juzuu ya 1 ina majedwali, ya 2 inabeba namba 000 hadi 599, ya 3 inabeba 600 hadi 999, ya 4 ni faharasa. Iliyokosekana ni ya 3. Maana yake tumepoteza kilimo, upishi, mpira wa miguu, fasihi yote ya Kiswahili na Kenya yenyewe, ambayo namba yake ni 967.62. Profesa alivua miwani. "Siwezi kukabidhi skuli ya ukutubi iliyopoteza kitabu cha ukutubi," akasema, na mtu huyo husema jambo mara moja.

Tukatafuta. Stoo, chumba cha mitihani, nyuma ya kabati la kadi, chini ya meza ya chai. Rejista ya kuazima ilikuwa na maandishi ya mwisho ya Machi, jina halisomeki, sahihi kama kuku aliyekanyaga wino. Nilipiga simu kwa wahadhiri sita. Wawili walinipa pole kwa msiba. Tarishi alikuwa ameenda kupeleka barua. Vumbi lilinikaa kwenye kitenge cha picha. Mandazi ya wageni nilianza kuyala nimesimama, moja, halafu la pili, halafu sikuhesabu tena.

Sijui ilikuwa saa ngapi kijana wa benchi alipochungulia mlangoni. Nilijiandaa kumweleza mara ya nne.

"Madam, mnatafuta ile Dewey kubwa? Si iko pale kwa fotokopi, nje ya geti? Jamaa huiweka juu ya karatasi zisipeperuke."

Nikamwangalia. "Umejua tangu lini?"

"Tangu... Madam, sikujua mnaitafuta."

Tukaenda naye. Jua la saa nane, viatu vya picha, kona mbili na daraja la mtaro. Na kweli, ilikuwepo juu ya rundo la karatasi, jalada limepauka upande mmoja. Mwenye kibanda hakustuka hata kidogo. Alisema ni dhamana. Mwanafunzi fulani alitoa kopi 120, shilingi 3 kila moja, akasema anakimbia benki, na tangu Machi hajarudi. "Madam, mimi si mwizi. Lipa 360 uchukue kitabu chako." Nikalipa kwa M-Pesa. Akaongeza kwamba kuna na pesa kidogo ya kukitunza miezi hii yote. Nilimtazama vile nilivyowatazama wakuu wanne, akasema basi, tuwache.

Kijana alibeba juzuu kifuani njia nzima kama anabeba mtoto. Profesa aliipokea, akafungua moja kwa moja 967.62, akaiona, akafunga. Akatia alama kwenye orodha kwa penseli. Ile 360 sijalipwa mpaka leo.

Daktari alifika saa 9 na nusu hivi, akihema, akiomba radhi mlango mzima. Makabidhiano yenyewe yalichukua dakika ishirini: funguo, orodha, picha moja ambayo mimi nimefumba macho. Kilichochukua muda ni kibao cha jina la skuli. Kuna pendekezo mbele ya Seneti ya chuo la kulibadilisha jina hilo, libaki "habari na data", neno "maktaba" litoke. Profesa hakuwa amepanga kulisema, lakini alilisema. Kwamba Dewey mwenyewe, mtunzi wa namba zile, alianzisha shule ya kwanza ya kazi hii katika Chuo Kikuu cha Columbia huko Marekani 1887, ikafungwa 1992. Ya Chicago ikafungwa 1989. Kwamba sisi huku tulipanda mabasi kwenda Makerere, skuli ya Afrika Mashariki ilipoanza 1963, hadi Eldoret wakafungua kitivo chao Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1988, na kwamba jina lililotafutwa hivyo halifutwi kwa mkutano mmoja.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole wa mtoto anayemjibu mzee: "Prof, Chicago na Columbia zilifungwa neno maktaba likiwa bado kwenye jina. Berkeley walilitoa miaka ya tisini. Wao wapo."

Kimya. Mimi hoja hii naijua kutoka pande zote mbili, kwa kuwa mihadhara ya Profesa na pendekezo la Daktari vyote nimevichapa mimi. Na ukiniuliza, Daktari ana haki yake: mama wa Kitui asingeniuliza swali lile kama kozi ingeitwa data. Lakini wakati ule nilichokuwa nawaza ni maboksi matano ya karatasi zenye jina la zamani, na muhuri mpya utakaohitaji fomu tatu na subira ya ofisi ya ununuzi.

Kisha nikamkumbuka kijana. Saa 10 na robo!

Barua ilikuwa na jina la Profesa chini, kwa hiyo ilibidi ichapwe upya. Printa ikameza karatasi. Nikaitoa, ikameza nyingine. Daktari alisimama karibu yangu akaishika trei kwa mkono, ikakubali. Hakuwa na kalamu. Aliazima ya kijana. Hajakaa kwenye kiti chake bado, alitia sahihi ya kwanza ya ukuu wake akiwa amesimama, karatasi imelazwa juu ya juzuu ya 3. Nikafungua droo, nikagonga muhuri. Kijana aliondoka mbio kutafuta bodaboda, na kalamu yake akaisahau. Saa 10:56 ujumbe ukaingia: "Nimefika madam."

Baada ya hapo ni kuosha vikombe. Profesa alirudi kuchukua kikombe chake na kukuta nabandua tangazo. Simu ikalia. Nilikuwa na pini mdomoni, akaipokea yeye.

"Ndiyo, ni hapa... Asante sana, tumezipokea... Mazishi? Jumatatu, saa mbili asubuhi, darasa la katalogi. Mimi nitakuwepo. Njoo na penseli."